Upau wa Medali ya Baba Yake Malachy

Jumanne, 2 Septemba

Nimefanya kitu leo na sijui nikiite wema au uongo. Naandika hapa maana hakuna wa kumwambia, na paka hajali.

Mzee Malachy Gilhooly, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alikuja asubuhi kuchukua medali ya marehemu baba yake. Aliniletea wiki iliyopita ndani ya kopo la tumbaku — utepe umeliwa na nondo, medali nyeusi kama sufuria. Kijiji kizima cha Drumgarve kinajua chumba changu cha nyuma, zile sare za askari na helmeti na medali, kwa hiyo kila kilichobaki cha vita huletwa kwangu. Sikuisugua. Mkusanyaji hasugui! Nilibadilisha utepe tu, nusu mweusi nusu kahawia, wa zamani kweli.

Sasa — medali hii ya Wairishi waliopigana na Waingereza, miaka mia iliyopita, ni ya namna mbili. Waliosaidia kwa kazi nyingine walipewa tupu. Walioshika bunduki walipewa na upau mdogo juu ya utepe, umeandikwa neno moja la Kiirishi lenye maana ya mapigano. Ya baba yake ilikuwa tupu. Lakini Malachy alisema, "Upau ulidondoka zamani, mwanangu, mimi mtoto bado. Baba alikuwa pale darajani, siku ya shambulio. Alikuwepo!" Ana miaka themanini na nne.

Nami nilikuwa na upau mmoja. Ulikuja ndani ya boksi la mnada, hauna medali, hauna jina.

Nikauweka. Alipouona akauliza umetoka wapi, na mdomo huu unaopokea komunyo kila siku ukajibu: "Ulikuwa umenasa humo humo ndani ya kopo, mzee."

Alilia. Akanibusu mkono. Ee Mungu wangu, mkono wenyewe huu.

Alhamisi, 4 Septemba

Ameivaa dukani! Siku ya kazi, kwenda kununua maziwa! Upande wa kulia wa koti, kama wanavyovaa watoto wa marehemu.

Nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Fergal Keaveney alikuwepo — yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiwe jipya la kumbukumbu pale darajani, babu yake ndiye aliyeongoza shambulio. Miaka yote amemtania Malachy kwamba baba yake alikuwa jemadari wa koleo, kazi yake kuchimba barabara malori ya Waingereza yasipite, basi. Leo kaanza tena, eh mzee, leo koleo umeliacha nyumbani? Halafu akaona upau. Akavua kofia.

Akasema nisamehe, Malachy, nimekuwa mpumbavu.

Malachy akamwambia upumbavu wako tumeuzoea, nipishe nilipe. Duka zima likacheka. Mimi nikasahau mkate.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya Misa Fergal alitangaza. Jina la Gilhooly litaongezwa kwenye jiwe, pamoja na waliopigana. Uzinduzi Jumapili ijayo. Watu wakapiga makofi — ndani ya kanisa! Malachy akanyoosha kidole hadi benchi langu: "Mshukuruni huyu. Miaka yote ile kopo liko kwangu sikuuona upau, macho yake yameuona."

Wakageuka wote. Nikatabasamu. Nilitabasamu, mbele ya Sakramenti.

Jumatano, 10 Septemba

Siwezi kuingia chumba cha nyuma. Zile sare hazina vichwa lakini leo naona zinaniangalia.

Kuna muuzaji mmoja wa medali kule Athlone nilimfokea hadharani kwa jambo hili hili. Alibandika upau usio wake kwenye medali isiyo yake. Nilimwambia umeharibu vyote viwili, na mnada mzima ulinisikia. Tangu hapo simpi mkono! Kumbe yeye alitafuta faida tu. Mimi nilitafuta nini? Kupendwa, nadhani. Kuonekana mwenye macho.

Na yule aliyeupata upau ule kwa haki? Kuna mtu alilala kwenye mtaro wenye maji, anaogopa, bunduki mkononi. Simjui hata jina. Nimempokonya ujasiri wake nikamgawia jirani kama kipande cha keki.

Fundi ameanza kuchonga jina. Nilipita na baiskeli, nikasikia patasi. Sikusimama.

Jumamosi, 13 Septemba

Kitubio. Padri Shijo ametoka Uhindi, ana miaka miwili hapa, nilijidanganya kwamba mambo yetu ya zamani hayatamwingia sana. Yamemwingia yote.

Aliuliza huyo mzee anajua? Nikasema hajui. Akasema, "Basi mama, mbona umekuja kumwambia Mungu, ambaye anajua?"

Nikasema itamuua, padri. Akasema anaweza kuumia, ndiyo. Lakini jina la baba yake linachongwa, wala si lako. Mwulize yeye kama analitaka hivyo. Amenipa maondoleo ya dhambi na malipizi ya rozari moja. Rozari moja tu! Ningefurahi angenipa mia.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia.

Alikuja kunichukua kwa gari, suti nyeusi, medali kifuani, amejikata kidogo wakati wa kunyoa. Sikumkaribisha hata kiti. Nikasema yote hapo hapo mlangoni — upau ni wangu, kopo halikuwa na kitu, nilidanganya. Nikangoja anifokee. Nilitaka anifokee!

Akauliza, polepole kabisa, "Nani mwingine anajua?"

Padri tu, nikasema.

"Padri hasemi."

Halafu akasogea karibu, akatoa kifua. "Nyoosha, mwanangu. Imekaa upande."

Akaenda kukaa kwenye gari.

Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Kumbe nimemshikisha mzee upande wa pili wa mzigo, tena asubuhi ya uzinduzi, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka miaka kumi hapo mlangoni. Hadi jana alikuwa anaamini. Leo anajua, na bado anakwenda.

Naandika nimesimama, koti mkono mmoja. Anapiga honi. Amesema nitakaa naye mstari wa mbele, maana hana binti. Fergal atavuta kitambaa, na jina litakuwa pale, la mwisho chini.

Aliposema ninyooshe, vidole vyangu vilikuwa juu ya ule upau. Kuuvua ni kazi ya kufumba na kufumbua, mimi najua kuliko mtu yeyote wilaya hii. Niliunyoosha.

Honi tena. Nimemjibu dirishani: nakuja, mzee, nakuja —