Mama, Nimesema Naomba

Mama,

Leo ni Jumamosi, na Anti Mwende alisema Jumamosi ndiyo siku atakayokuja na mtu wa mkokoteni kuchukua sufuria zako. Nakuandikia nikiwa nimekalia ile kubwa ya githeri. Nimeipindua chini juu, na sina mpango wa kuinuka.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Anti ni mdogo wako na ninamheshimu, lakini amepanga mambo kana kwamba mimi sipo. Anasema kibanda chako cha chakula kilikufa na wewe. Anataka nihamie kwake Kawangware nimsaidie kuuza mitumba, na hii nafasi yetu hapa Soweto East, nyuma ya maghorofa, tuiachie mtu mwingine. Nimemwambia hapana. Akasema mdomo wangu umeharibika tangu niende Tanzania. Si kweli. Huu mdomo nilienda nao, na wewe unajua niliurithi kwa nani.

Acha nianze na Arusha, maana ndiyo tuligombania na ukafa kabla hatujamaliza.

Unakumbuka nilivyoenda kumuuzia mjomba vinyago vyake. Siku ya kwanza, kabla hata sijafungua mizigo, njaa ilinipeleka kwa mama ntilie mmoja karibu na soko. Mama ntilie ndivyo wanavyowaita wanawake wa kazi kama yako. Huyu aliitwa Mama Rehema, mtu wa Tanga, mnene, mpole, kanga kiunoni na nyingine kichwani. Nikaketi na kusema vile tunavyosema sisi sote: "Leta mchele na maharagwe, chap chap." Akaniangalia. Akaenda kwenye gunia, akachota mchele mbichi, akajaza sahani na kuniwekea mbele pamoja na kijiko. "Mchele huo, mwanangu," akasema. "Karibu." Watu wote wakaacha kula. Nilizitazama zile punje nisijue kama nicheke au niondoke. Ndipo akaniambia: "Mchele uko guniani, wali uko sufuriani. Na hapa hatuamrishani. Sema, naomba wali."

Jioni nilikupigia simu nikicheka. Wewe hukucheka. "Uombe? Kwani wewe ni chokora? Mtu amelipa haombi. Anasema anataka nini, anapewa, anaenda." Nikajaribu kukueleza kwamba kule neno hilo ni adabu ya kawaida tu, hakuna mkono ulionyooshwa. Ukakata simu. Tangu hapo kila nikikupigia ulianza na swali hilo hilo: "Leo umeomba nini?"

Vinyago havikununuliwa sana, na Mama Rehema akaniingiza jikoni kwake. Miaka miwili. Usidhani nilikuwa peponi. Watu wa kule wana pole nyingi na haraka kidogo. Unaagiza chai, unaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za safari, na chai yenyewe bado iko sokoni inatafutiwa majani. Unaambiwa "nakuja" na mtu anayeondoka. Chai yenyewe ni ya rangi, ile wewe uliita strungi na hukuwahi kumwekea mgeni, hata kama maziwa yalikuwa yameisha hadi kwa majirani. Ugali wao ni laini, unakaa kwenye sahani umelegea. Nilimwambia Mama Rehema kwamba kwetu ugali unasimama wenyewe, akaniuliza unasimama unaenda wapi.

Lakini pia nilipenda, mama, na ninasema bila kuona haya. Nilipenda mtori wa asubuhi, ndizi zilizopondwa na nyama ndani ya supu, mtu anakunywa na anaenda kazini akiwa mtu. Nilipenda mtu akiwa anakula, hata kama ni kidogo, akikuona unapita anasema "karibu tule," na anamaanisha. Nilipenda maharage ya nazi. Niliulizwa mboga gani, nyama au samaki, nikadhani wamerukwa na akili, kwa sababu kwetu mboga ni sukuma na tumemaliza. Na makande yao ni kama muthokoi wako, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ila wanamwagia tui. Siku nilipoyaonja mara ya kwanza nililia. Yalikuwa muthokoi na hayakuwa. Sikukuambia, maana ungeniuliza nimeomba nini.

Halafu ukaugua.

Jumanne nilikupigia ukasema, "Niko sawa, nimechoka tu." Jumatano simu haikushikwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kibanda kilikuwa kimefungwa siku tatu na mlango wa nyumba umefungwa kwa ndani. Presha ilikuwa imekulaza chini. Kulikuwa na watu kila upande, mama. Ukuta wetu ni mabati, mtu akikohoa upande wa pili unamsikia. Ungesema neno moja wangekuja kumi. Hata Mama Akinyi alikuja. Mama Akinyi wa samaki, aliye mbele yetu ng'ambo ya njia, ambaye hukuzungumza naye tangu nikiwa shule ya msingi. Aligonga, na wewe ukamwambia kutoka ndani, "Nimepumzika. Enda uangalie samaki zako." Akaenda. Walipovunja mlango Alhamisi, hospitali haikuwa na la kufanya.

Na kule Kitui, kwenye mazishi, kila aliyesimama kuzungumza alikusifu kwa kitu kile kile. Mwanamke ngangari. Hakusumbua mtu. Hakuomba mtu yeyote kitu hadi Mungu alipomchukua. Watu wakatikisa vichwa, wakasema amina. Nilivumilia hadi msemaji wa nne, wa tano sikuweza. Nikasimama nikasema, "Mama angeomba angekuwa hai." Basi. Anti Mwende akanivuta sketi nikae chini. Hajanisamehe hadi leo, na mimi sijamwomba msamaha, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli na bado ni kweli. Nimekukasirikia, mama. Ninakulilia na nimekukasirikia, yote kwa pamoja, asubuhi nikiwasha jiko na jioni nikilizima.

Niliporudi nilifungua kibanda chako. Nikaongeza wali wa nazi na maharagwe ya nazi, nikaandika ubaoni kwa chaki. Watu wa mjengo, wale vibarua wanaojenga maghorofa, walicheka. "Sasa wewe umekuwa Mtanzania? Mchele ni mchele, madam." Mmoja alinisalimia kila siku kwa kuniuliza ng'ombe wa Arusha wako aje. Niliwajibu wote. Nilimwambia yule wa ng'ombe kwamba wako poa na wanamuulizia. Wali ulianza kununuliwa. Lakini chapati, mama. Watu walikuja kwa ajili ya chapati zako na madondo, yale maharagwe yako ya mchuzi, na chapati zangu zilikuwa ngumu, unaweza kuzivaa kama viatu ukaenda nazo kazini. Unga ulikuwa unaukanda wewe mwenyewe, umenipa mgongo. Hukutaka mtu aone. Hata mimi. Wiki baada ya wiki wateja walipungua, na Anti akaanza kusema mambo ya mkokoteni.

Mtu mmoja tu hapa Soweto alikuwa anapika chapati kama zako siku za nyuma, na mimi nilijua ni nani. Nilijua pia ungesema nini. Nilijua kabisa. Ungesema heri kibanda kifungwe.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilivuka njia. Ni hatua tano, nimezihesabu. Mama Akinyi alikuwa anakwaruza magamba ya tilapia na hakuinua kichwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayasahau yote. Nikasema, "Mama Akinyi, naomba unifundishe chapati za mama." Nilisema kwa ile sauti ya Arusha, mikono yangu imeshikana mbele, na mama, sikufa. Mdomo haukuanguka.

Alikwaruza samaki mzima hadi akamaliza. Kisha akasema, "Umekawia." Akanawa mikono, akanivutia kigoda, na akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia miaka yote hiyo.

"Mamako alikuja hapa na wewe mgongoni. Ametoka Kitui, hajui mtu, hajui kazi. Akasimama tu hapo ulikuwa umesimama. Akaniambia, 'Dada, nisaidie, mtoto hajakula.' Mimi ndio nilimfundisha hiyo unga. Malenge. Unachemsha malenge, unaponda, unakanda nayo ikiwa moto moto. Tukapika na yeye pamoja, jiko moja, miaka. Tulikuwa watu wa nyumba moja. Halafu siku moja kastoma anamsifu, mimi nikasema, kwa mchezo tu, mbele ya watu, 'Huyu mimi ndio nilimtoa kwa njaa.' Kesho yake mamako akahamisha jiko. Nimemwambia pole mara ngapi. Hakutaka."

Akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa bado inanuka samaki. "Na ile siku ya mlango," akasema, "ningekataa kuenda. Alinifukuza nikaenda. Hiyo nitakaa nayo."

Kwa hivyo uliomba. Mama yangu asiyeomba mtu kitu aliomba, hapo hapo ng'ambo ya njia, na mimi nikiwa mgongoni. Zile chapati ambazo Soweto nzima ilikuja kuzila ulizipata kwa kuomba. Nilisomeshwa na chapati hizo. Na ukaona haya, ukaificha aibu ambayo haikuwa aibu, ukamnunia mwanamke aliyetulisha, ukanifundisha mimi kwamba neno hilo ni la chokora. Nilirudi ng'ambo hii nikakaa juu ya gunia la makaa nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kununua malenge.

Tangu Jumatatu Mama Akinyi anakuja asubuhi tunakanda pamoja. Ananipiga mkono nikiweka mafuta mengi. Anasema nina mikono yako na kichwa chako, na hajasema kama hilo ni jambo zuri. Yule wa ng'ombe wa Arusha alikula mbili Jumanne, akarudi Jumatano na wenzake watatu, akasema, "Hizi sasa ndio zile." Hakuuliza kuhusu ng'ombe.

Naacha kuandika kidogo. Anti amefika.

Alikuja na mkokoteni kweli, na mwanamume wa kuusukuma, na kamba. Alinikuta nimekalia sufuria. Alipomwona Mama Akinyi kwenye kikaango chako akasimama, akaniuliza, "Huyu anafanya nini hapa? Unajua mamako angesema nini?" Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kile Mama Akinyi alichoniambia, chote, jinsi ulivyokuja umenibeba mgongoni, na watu wa mjengo wakisikia. Akasema ninakuvua nguo kaburini. Nikamwambia hapana, ninakuvalisha. Kuna mtu alikushika mkono ukamruhusu, na hiyo ndiyo sifa ambayo ilistahili kusemwa kule Kitui, wala hakuna aliyeisema.

Mama Akinyi hakuingilia. Aliweka chapati moja kwenye sahani na maharagwe juu, akampa Anti. Anti hakutaka kuishika. Kisha akaishika. Alikula amesimama, amenigeuzia bega. Nilimwona akiacha kutafuna katikati, akitazama tu ile chapati. Yule mtu wa mkokoteni akauliza kama abebe au asibebe, naye akamwambia asubiri. Akamaliza yote. Akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho, kama ulivyokuwa unafanya.

Akamwambia mtu wa mkokoteni aende. Lakini unamjua mdogo wako, hakuweza kuondoka hivyo hivyo. Alipofika njiani akageuka, akaninyooshea kidole: "Utakuja kwangu ukilia, wewe."

Zamani ningemjibu vile ungejibu wewe. Ningemwambia sitakuja, hata nikifa. Nilimwambia, "Ndiyo, Anti. Siku nikilia nitakuja, na nitalia njia nzima mpaka Kawangware." Akaenda.

Sasa lala, mama. Sijamaliza kukukasirikia, nitakuandikia tena nikimaliza au nikishindwa. Kuhusu neno naomba, Mama Rehema alikuwa sahihi, wewe ulikosea, na hilo halibadiliki kwa sababu umekufa. Jina ubaoni bado ni lako. Ninakuahidi kitu kimoja tu, na najua hutakipenda. Nikiugua sitafunga mlango. Nitalala nikiwa nimeuacha wazi, na nitaita kwa nguvu zangu zote, kila mtu wa hii njia anisikie, mpaka Mama Akinyi aache samaki wake waungue aje.

Ni mimi wako,
Ndinda