Tiara Iliyovunjwa na Mwewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na najua utashtuka ukisoma, maana anayekuandikia ni yule ambaye upepo wa mji huu humbishia hodi kabla ya kuvuma. Mimi ni fundi rangi. Darasa la sita liliniacha lenyewe lilipoona limeshindwa kunifundisha, na hakuna ghorofa hapa ambayo sijaining'inia na kopo langu, kwa hiyo mambo ya juu mimi si wa kufundishwa.

Naishi na mpwa wangu, mpimaji ardhi, binti wa marehemu dada yangu. Dada alikuwa mshonaji, na kabla macho hayajamwishia alimshonea bintiye tiara. Si kale kakishada ka gazeti na njiti za ufagio, mshauri, hii ni tiara ya michezo, ya nyuzi mbili, pana kama mlango wa mbele, na mifupa yake ni vijiti vyeusi vya kaboni, vitupu ndani, vyepesi hivi kwamba ukikishika kimoja unahisi umeshika wazo la mtu. Kila Jumapili mpwa wangu huirusha kwenye kiwanja nyuma ya kiwanda cha matofali, na ni mimi niliyemfundisha, na ikishapanda zile nyuzi huimba mmm, kama dada alivyokuwa akiimba huku pini zimejaa mdomoni, na kivuli chake kinapita juu ya nyasi, kinapita juu ya uso wangu, nami sijui tena kama nimelala au niko macho, mara nyingine naona tiara ndiyo imetulia na kiwanja ndicho kinachopaa.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mpwa wangu alisafiri kikazi. Mlangoni akaniambia, "Mjomba, nyumba yote ni yako, ila tiara ya mama usiiguse." Nikamjibu, "Mwanangu, nikiigusa mimi itapona hata kama haiumwi." Akacheka, akaenda zake. Siku ya pili, mchana kweupe, mwewe akaingia dirishani chumba cha cherehani, mwewe wa kutisha, bawa moja linagusa ukuta huu na jingine ukuta ule, tukapambana naye, mimi nina brashi yangu ya mpini mrefu, yeye ana hasira zake, na katika purukushani akaikanyaga tiara pale ilipolazwa kwenye kochi. Kah! Kijiti cha bawa la kushoto, katikati. Kitambaa hakikutoka hata uzi mmoja, Mungu mkubwa.

Nikaenda duka la vifaa vya michezo. Dada wa pale akasema, "Mzee, kijiti kimoja hatuuzi. Unaagiza tiara nzima, mpya." Aliponitajia bei nikamuuliza kama inakuja na rubani. Nikashika simu, nikatafuta mwenyewe: tiara, vipuri, bei poa. Muuzaji akaniuliza, "Tiara ya kichwa cha ukubwa gani?" Nikajua kichwa ni ile pua ya mbele, nikapima, vidole vinne, nikamwandikia. Mzigo ukafika. Mshauri, nilifungua kikatoka kitaji kinachometameta, cha kumvisha bibi harusi, tena bibi harusi mwenyewe awe mwanasesere! Nikampigia kwa ukali. Akasema, "Mzee, kwetu hiyo ndiyo tiara. Wewe ulitaka nini?" Nikakata simu kwa heshima yangu.

Jirani ananiambia nichonge kijiti cha mwanzi, nipake rangi nyeusi, ninyamaze. Mwingine ananiambia ninunue nyingine kwa mkopo. Lakini mishono ile ni ya dada, atashonaje tena? Mpwa wangu anarudi Jumamosi. Nipate wapi kijiti cha bei ya mtu wa kawaida, na huyu mtoto nimwambie nini?

Ni mimi, Mwenye Upepo Wake

MSHAURI ANAJIBU:

Mwenye Upepo, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kicheko, ya pili nikabaki na wimbo wa dada yako na pini zake. Sasa tuseme kweli. Mwewe ana kucha. Mwewe gani huyu anayevunja kijiti katikati na kitambaa hakikwaruziki? Huyo mwewe ana makalio, ndugu yangu, na naamini nayajua ni ya nani.

Kijiti kwanza. Nimemuuliza mtu anayetengeneza tiara, akacheka kuhusu vidole vyako. Vidole pimia chumvi. Chomoa kijiti kizima cha bawa la kulia, nenda nacho mkononi kwa fundi wa fimbo za kuvulia samaki. Fimbo za siku hizi ni kaboni ile ile, tupu ndani, na zilizovunjika zimemjaa pembeni, atakuachia kwa bei ya maongezi. Tafuta vipande viwili vya unene mmoja. Viwili, umesikia? Ukibadilisha cha kushoto peke yake kikawa kizito, tiara itazunguka upande huo mpaka ijipige chini, na ndiyo maana mwanzi wa jirani yako ubaki kwa jirani. Zungushia utepe mahali pa kukata ili kisipasuke, kata kwa msumeno wa chuma, na ufunge kitambaa kibichi puani, vumbi lake si zuri. Kiungio cha vijiti kikilegea, fundi pikipiki atakukatia kipande cha mpira wa petroli ukivishe hapo. Mishono usiiguse.

Sasa huyo unayemwita mtoto. Anapima ardhi ya watu, atashindwa kupima uongo wako? Alikukataza jambo moja tu katika nyumba nzima. Mweke chini Jumamosi kabla hajafungua mlango wa chumba cha cherehani, mwambie ulivyofanya, kisha ndipo umwonyeshe ulivyotengeneza. Ukianza na matengenezo, utakuwa unamhonga.

MWENYE UPEPO ANAANDIKA TENA:

Mshauri, fundi wa fimbo alinipa vipande viwili, akakataa hela, akataka hadithi. Nilimpa ya mwewe, ikiwa mara ya mwisho.

Jumamosi nilimwambia mpwa wangu hata mkoba hajautua. Kwamba siku ile nilikaa kwenye kochi kusikiliza redio, nikasinzia, sikuona nimekalia nini. Akapitisha kidole kwenye mishono ya mama yake, mshono hadi mshono, mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mjomba, na hili taji?" Akacheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, sikumtazama sana.

Jumapili ilipanda. Mmm, kama zamani. Akanigeukia akasema, "Njoo, mjomba, leo shika wewe." Nikavishika vile vishikio vya nyuzi, nikahisi inanivuta mabega, nyasi zikawa nyepesi chini ya viatu, nikamrudishia upesi. Maana mimi, mshauri, sikumfundisha mtu. Naogopa. Miaka yote hii, kazi yangu kiwanjani pale ni kushika mkoba.