Dakika Moja ya Mama

Jumatatu, 29 Juni 2020
Serikali ya India imepiga marufuku programu za simu za Wachina! Hamsini na kitu kwa mpigo — na ile ya vidio fupi imo. Shemeji Dnyanoba kafungulia televisheni mpaka masufuria yanatetemeka. Eti Wachina wanatuchungulia, wanabeba siri zetu.
"Siri gani, baba mdogo?" binti yangu Ketaki akamuuliza. "Kwamba unakoroma?"
Nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Jumanne, 30 Juni
Ile ya vidio haifunguki. Kiduara tu kinazunguka, kinazunguka.
Mama yangu yumo mle. Dakika moja: anasaga mtama kwenye jiwe huku akimwimbia mungu wetu Vithoba, miezi michache kabla hajafa. Sauti yake haipo kwingine. Kwenye simu niliifuta mwenyewe! Ilikuwa imejaa zile picha za "asubuhi njema" za kundi la ukoo, na kila picha ina mungu. Ningefutaje miungu? Nikamfuta mama. Nilijua kule yuko salama. Mjinga mimi!

Jumatano, 1 Julai
Ekadashi, siku kuu ya Vithoba. Nimefunga. Mwaka huu hakuna kwenda kwa miguu hekaluni kwake Pandharpur — corona. Nimemsujudia Vithoba hapa hapa jikoni.
Shemeji ananiambia nivumilie, Wachina wamewaua wanajeshi wetu mpakani. Najua! Niliwawashia taa. Lakini mama yangu kampiga nani risasi? Ketaki naye: kampuni zote zinachukua taarifa zetu, za Marekani, hata za hapa kwetu, mbona hizo hazifungwi? Wakabishana mpaka sabudana, chakula chetu cha mfungo, ikaganda kwenye sahani. Mimi hakuna aliyeniuliza.
Kama kweli Wachina wanahifadhi vitu vyetu, basi na wahifadhi! Wasipoteze hata kimoja. Ee Vithoba, nisamehe, nimewaombea.

Alhamisi, 2 Julai
Jirani Sulabha kanipa namba ya mtu anayerudisha vidio zilizopotea. Nimemwandikia. Anataka picha ya Aadhaar, kadi yangu ya utambulisho, mbele na nyuma, halafu nimsomee tarakimu zitakazoingia kwenye simu.
"Mama, huyo mwizi! Usithubutu!" Ketaki kapiga kelele.
"Shemeji, mtu mwenyewe hata hujui ni wa nchi gani," akadakia Dnyanoba.
Siku tatu wanagombana, leo ndiyo wamekubaliana! Dhidi yangu!
Sasa Dnyanoba kaenda kufuata maziwa, Ketaki yuko juu anaanua nguo. Kadi iko mapajani. Mbele nimeshapiga, nimeshatuma. Kajibu upesi: mama, bado nyuma.
Nimeigeuza.
Ketaki anashuka ngazi —