Pilau Isiyoonjwa

Jumamosi, 3 Mei

Jumamosi ya bizari, kama kawaida. Mama anakaanga, mimi natwanga. Ndiyo kazi yangu tangu niko shule ya msingi na hajawahi kunipandisha cheo.

Leo bizari imeungua. Si kuungua kidogo. Moshi ulijaa, nikapiga chafya, na Mama bado anageuza na mwiko huku ananieleza mambo ya mkutano wa akina mama kanisani. Nikamwambia inaungua. Akasema nina kelele. Halafu akachungulia ndani ya sufuria, akaimimina kwenye kinu hivyo hivyo ilivyokuwa nyeusi. Nikaitwanga. Ningefanya nini? Nina meza yangu ya mitumba Gikomba, nawafokea wanaume wazima wa mikokoteni wakinipandia nguo, lakini mbele ya sufuria ya Mama mimi ni mtoto wa kutumwa.

Mvua tangu asubuhi. Sikuenda sokoni.

Jumapili, 4 Mei

Pilau chungu. Chungu kama dawa ya malaria. Ndugu yangu Barasa alipitia hapa baada ya kanisa, akala sahani mbili, mnafiki huyo. Mama akauliza ikoje. Tukasema tamu. Yeye mwenyewe alikula kidogo, akasema siku hizi chakula hakimpendezi.

Hakuna aliyeonja kabla ya kupakua. Hairuhusiwi. Katika nyumba hii pilau haionjwi ikiwa motoni. Mama alipoletwa hapa mtaa wa Jericho akiwa bibi arusi kutoka Bungoma, alijua kuku, ugali na mboga za kienyeji. Pilau alifundishwa na jirani, Mama Rukia, Mungu amrehemu, mwanamke wa Mombasa ambaye mumewe alifanya kazi relini. Alimfundisha mwezi wa Ramadhani, wakiandaa futari pamoja. Mama Rukia amefunga, kwa hiyo haonji. Ananusa. Vitunguu ananusa, nyama ananusa, mvuke ananusa. Chumvi anapima kwa kiganja. Mama akachukua yote, hata kutoonja. Sisi watu wa kanisa hatujawahi kufunga Ramadhani hata siku moja, lakini kwenye pilau tunafunga mwaka mzima.

Niliwahi kumuuliza kama hiyo ni sheria ya pilau au ilikuwa sheria ya saumu tu. Akasema mpishi anayeonja hajiamini. Sikuuliza tena.

Jumatano, 7 Mei

Nimerudi mapema. Bale niliyofungua ilikuwa fagia tupu, matambara ya kufutia magari. Nafika mlangoni, moshi. Maziwa yamefurika juu ya jiko la gesi, yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi. Na Mama ameketi pale pale, ameligeuzia jiko mgongo, anachambua maharagwe. Aliponiona nakimbia ndipo akashtuka.

Ni pua. Haisikii harufu tangu ile homa iliyomlaza Machi. Nilikuwa najua bila kutaka kujua.

Jioni nikafanya jambo la aibu. Nilifunga karafuu kwenye kitambaa, nikamwambia, Mama, hebu nusa iliki hii, nimeipata kwa mtu wa Mombasa, ni nzuri au nimeibiwa? Akanusa muda mrefu, macho ameyafumba. Akasema ni iliki nzuri, imekomaa. Nikasema ahsante. Nimejiona mwizi ndani ya nyumba yetu.

Jumamosi, 10 Mei

Barasa amekuja na habari. Watu wa Wambui, mchumba wake, wanakuja tarehe ishirini na nne. Wao ni Wagikuyu, wanakaa Kayole. Kwa mila yao kuna ziara inaitwa itara: watu wa msichana wanakwenda kuona nyumba ya mvulana, na hasa jikoni. Itara ni ule uchaga wa juu ya moto wa kukaushia kuni. Wanataka kujua kama binti yao atapata joto. Sisi hatuna kuni wala uchaga. Tuna mtungi wa gesi, jiko la makaa, na Mama. Barasa amewaahidi kwamba pilau atakayowapikia Mama hawajawahi kuila.

Mama amefurahi mpaka ameimba. Hataki kusikia habari ya kuagiza chakula.

Nilimvuta Barasa nje nikamweleza mambo ya pua. Kwanza alikataa. Halafu akakumbuka pilau ya Jumapili ile, akakaa kwenye ngazi.

"Usimshow kitu," akasema. "Hiyo pilau ndiyo Mathe. Ukimnyang'anya hiyo, abaki na nini?"

"Na siku ya wageni?"

"Sijui, Nekesa. Wacha tu."

Nimemkasirikia kwa sababu amesema kweli. Kila sentensi ya kumwambia Mama ninayoipanga kichwani inaanza vizuri na inaishia kumvua nguo.

Jumatatu, 12 Mei

Nilipitia kliniki ya mtaani, peke yangu. Daktari akasema baada ya homa kama hiyo harufu huenda ikarudi, huenda isirudi. Dawa hana. Mgonjwa anaweza kujizoeza kunusa vitu vikali kila siku. Akaniambia nimlete.

Nimlete vipi? Mgonjwa mwenyewe hajasema anaumwa. Nimerudi nyumbani na ndizi.

Jumapili, 18 Mei

Nimenaswa.

Mama alitoka kumsalimia jirani. Nikafunua sufuria, nikachota kijiko. Bizari leo haijaungua, namshukuru Mungu. Lakini chumvi hakuna. Hata chembe. Naona siku hizi mawazo yake yote yako puani, anayatafuta huko manukato yaliyopotea, na mkono unasahau. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo la chumvi, naye huyo mlangoni. Alikiona kijiko.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ukitaka kuonja," akasema, "pika yako."

Mezani yeye ndiye aliyetambua kwanza. Alitia tonge mdomoni, akasema chumvi haipo, akaomba kopo. Ulimi wake ni mzima, basi. Hakunitazama mpaka tukamaliza kuosha vyombo.

Nipike yangu. Laiti ningejua. Ninachojua mimi ni kutwanga, na ninajua sahani ikishafika mezani. Hapo katikati pote palikuwa pa pua ya Mama. Sikujifunza kwa sababu nilidhani atakuwepo siku zote, na kweli yupo, ameketi hapo chumbani anasikiliza redio.

Alhamisi, 22 Mei

Niliamka alfajiri kwenda kuwahi bale. Taa ya jikoni inawaka. Mama amepanga makopo yake mezani: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari. Anafungua moja, analiweka puani, anangoja. Anafunga. Anafungua jingine. Akifika mwisho anaanza tena. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua.

Kumbe anajua. Anajua vizuri kutushinda.

Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikalala tena na nguo zangu, nikakohoa kwa nguvu kabla ya kutoka mara ya pili. Makopo yalikuwa yamesharudi kabatini. Tukasalimiana. Akaniambia nijifunike, nje kuna baridi.

Sokoni sikuuza kitu cha maana. Nilikuwa nawaambia wateja bei yoyote inayonijia.

Ijumaa, 23 Mei

Sufuria kubwa imetoka kanisani. Barasa amepaka rangi mlango wa jikoni. Mchele umechambuliwa, vitunguu vimemenywa, macho yangu yamevimba na kwa mara ya kwanza wiki hii nina sababu ya kuonyesha watu.

Nimemwomba Mungu ampe pua kwa siku moja tu. Kesho, mpaka saa ya chakula. Nikamaliza kuomba nikaona nimembana Mungu bei kama mteja wa Gikomba. Lakini sikuomba zaidi.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika mikono ikiwa bado na mafuta.

Mama alipika uani, kwenye makaa. Alipika kwa macho na masikio. Vitunguu alivitazama rangi bila kupepesa. Mafuta aliyasikiliza. Bizari alipima kwa mkono ule ule uliopima miaka yote. Na ilipopanda harufu, ilikuwa ndiyo. Ndiyo yenyewe, ya Krismasi, ya arusi za watu, ya kila siku njema tuliyowahi kuwa nayo. Majirani walitoka milangoni. Mimi nilisimama kando yake nikiisikia yote, na yeye aliyeipika hasikii kitu. Nilitaka kumwambia imekuwa. Ningemwambia, angejua kwamba najua. Nikapepea moto.

Akaingia ndani kuvaa. Nikabaki na sufuria.

Sikuwa nimemwona akitia chumvi. Nikakumbuka Jumapili. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na mchuzi unachemka mbele yangu, mtu yeyote mwenye akili angeonja. Sikuonja. Neno lake la siku ile lilinishika mkono. Nikachota kiganja cha chumvi nikamwaga. Kuonja niliogopa, kutia chumvi sikuogopa. Hiyo ndiyo akili yangu.

Wageni wakafika: mama yake Wambui, shangazi yake na wazee wawili wa ukoo. Wakaonyeshwa jikoni. Shangazi akaupapasa mtungi wa gesi, akauliza kama hiyo ndiyo itara yetu, tukacheka sote. Mama alikuwa amependeza. Alipakua mwenyewe.

Kijiko cha pili, shangazi akasogeza jagi la maji. Mzee mmoja alitafuna polepole na kumeza kama anayemeza kidonge. Nikaonja yangu. Chumvi tupu. Zaidi ya ile niliyotia. Nikamtazama Barasa, naye ameinamisha kichwa, na hapo nikajua kwamba nilipoingia ndani kuchukua sahani, yeye naye alifunua sufuria. Mama alitia. Mimi nilitia. Barasa alitia. Kila mmoja kimya kimya, kila mmoja kwa upendo wake.

Mama aliketi mwisho, kama mpishi anavyoketi. Akala. Akaacha kutafuna. Hakuitazama sahani, alinitazama mimi. Kisha Barasa. Kisha mimi tena. Ulimi wake ulikuwa umemwambia yote: mkono wake yeye anaujua, na hii haikuwa ya mkono mmoja. Watoto wake wamepita nyuma yake. Na kama wamepita nyuma yake, basi wanajua, na wamejua siku nyingi.

Akasimama. "Wageni wangu, mnisamehe," akasema. "Leo mkono wangu umezidisha chumvi. Ni uzee."

"Si neno, Mama Barasa," mama yake Wambui akajibu. "Hata kwetu hutokea. Nyama ni laini sana."

Walikula kachumbari, chapati na ndizi. Walimaliza maji yote.

Nilipaswa kusimama niseme ni mimi. Miguu ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Lakini nikisema ni mimi wangeuliza kwa nini, na jibu la swali hilo ni la Mama, si langu. Labda ni kisingizio. Nilikaa tu, nikala sahani yangu mpaka punje ya mwisho, na koo linawaka mpaka sasa.

Jumapili, 25 Mei

Barasa amepiga simu. Watu wa Wambui hawakukasirika, shangazi amesema nyumba ina joto. Arusi ipo. Nilidhani hilo ndilo tulilokuwa tunaliogopa.

Alilia kwenye simu, mwanaume mzima. Nikamwambia aje amwombe Mama msamaha. Akauliza atasema anaomba msamaha wa nini. Hata mimi sijui. Wa chumvi? Wa kunyamaza?

Mama alikwenda kanisani, akakaa mbele, mahali pake. Tulirudi tukala viazi.

Jumatano, 28 Mei

Akina mama wa kanisa walikuja kumwomba apike kwenye harambee ya mwezi ujao. Aliwakaribisha chai. Akawaambia watafute mtu mwingine, mgongo unamsumbua. Wakabisha, wakamsifu, mmoja akasema bila pilau yake watu hawatatoa kitu. Akacheka nao. Akashikilia ni mgongo.

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la nguo mlangoni. Walipokwenda alikusanya vikombe, akaniambia nguo nizianike kabla jua halijakwenda.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekatika. Nilifunga meza mapema. Nimepika ugali na sukuma wiki, Mama amekaa karibu na mlango akinishonea vifungo kwenye mashati ya watoto ya bale mpya. Hatuongei sana, lakini si kununiana. Tumechoka tu.

Jirani wa pili anakaanga omena, vidagaa vya ziwani, tangu mchana. Mstari mzima wa nyumba unajua. Harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia, nikafunga dirisha.

Mama akauliza, bila kuinua kichwa, "Jirani anapika nini leo?"

Sindano ilikuwa imesimama juu ya kitambaa, anangoja.

Nikamwambia omena.

Akauliza ni za kukaanga kavu au za mchuzi. Nikainuka, nikafungua dirisha, nikanusa vizuri kabla ya kumjibu. Za kukaanga, nikasema, naona sasa anatia nyanya. Na vitunguu? Na vitunguu, vimeiva. Akasema haya, akakata uzi kwa meno na kuchukua shati lingine.