Maksai wa Mzee Lui

Tata mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa, na ng'ombe wanashiba huko Kaisho. Mimi mwanao Petro ni mzima. Padre niliyemsindikiza hapa Ufaransa aje kuugulia kijijini kwao sasa anakula vizuri, tena ananikemea kama zamani. Basi anapona.

Tata, huku ng'ombe ndio wanaolima! Maksai wawili hufungwa nira, wakakokota plau, na mwenyewe huwaimbia tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho. Hiyo ni desturi ya mababu wa kijiji hiki. Vijana wameiacha, amebaki Mzee Lui, jirani yetu. Mwezi huu alishikwa na kifua, sauti ikakauka, na maksai wake wakagoma kabisa. Mwanawe Andrea akawachapa wee, wapi! Akasema, "Jumamosi wanakwenda kwa mchinjaji. Nitanunua trekta."

Moyo uliniuma. Nikamwomba nijaribu. Akacheka, akanipa fimbo. Nikaanza ule wimbo wako wa kumsifu ng'ombe wetu Bihogo. Maksai wakatega masikio tu. Watu wakaangua kicheko. Niliona haya, lakini nikazidi kuimba, maana huku nani atajua nikikosea?

Mara Mzee Lui akatoka nyumbani kwake, blanketi mabegani. "Nani anaimbia ng'ombe wangu?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Ni mimi, babu."

"Usikate maneno! Vuta la mwisho mpaka pumzi iishe!"

Nikavuta. Tata, wakaenda! Udongo ukapinduka mweusi, mzee akitembea kando yetu, analia na kucheka. Andrea akatufuata nyuma. Tulipofika mwisho wa shamba akasema, "Baba, hawauzwi. Nifundishe." Sasa kila asubuhi nawasikia wote wawili. Andrea anaimba vibaya mpaka mbwa wanabweka, lakini maksai wanamvumilia.

Nisalimie Mama, dada Paulina na wanawe, na mjomba Yohana wa Chonyonyo, yule wa kahawa. Mwalimu wa dini anayekusomea haya, namshukuru.

Na Mzee Lui anakusalimu sana. Anauliza, ukiwaimbia ng'ombe wako husimama kulia kwao au kushoto? Nimeshindwa kumjibu. Anangoja jibu lako.

Mwanao anayekukumbuka,
Petro