Viatu Nilivyokuvisha Wodini

Kabula, mjukuu wangu, mke mwenzangu kwa babu yako,

Leo sikusalimii. Nimekasirika.

Mumeo Sayi amelazwa hapa Bariadi, kichwa kilekile kilichokuua wewe, wodi ileile uliyolazwa. Shingo imekauka kama mpini wa jembe. Nimeacha pamba inapasuka shambani Nkololo, nimekaa kwenye benchi, naandika kwa kalamu ya nesi.

Unakumbuka daktari aliposema una fangasi kwenye ubongo? Nilimcheka. "Fangasi ni ya vidole, ya watu wanaoshinda kwenye maji ya majaruba ya mpunga. Mjukuu wangu anaoga!" Niliona ametuita wachafu. Nikakuvisha viatu, nikakurudisha nyumbani, nikakuchanja chale kwenye paji la uso. Ukasema, "Bibi, taratibu." Nikakuambia ujikaze. Ulijikaza siku nne.

Na wewe nawe! Ulinibishia maisha yako yote, hata chumvi ya mlenda ulinibishia. Siku hiyo moja ndiyo ukanitii!

Daktari huyohuyo leo kasema kuna dawa mpya, inaingia kwenye mshipa, bado wanaijaribu kwa wagonjwa wanaokubali. Nikamuuliza, "Ilikuwa wapi mwaka jana?" Nikaongeza, "Ng'ombe wakiumwa, dawa mpya inafika mnadani hata jina la ugonjwa hatujalisikia. Sisi watu mnatuletea lini?" Akasema, "Bibi, sikudanganyi, inaweza isimfae." Hapo nikamwamini. Mimi wewe nilikuahidi utapona.

Sayi akili haiko, hawezi kujisemea. Baba mkwe wako akataka kumtoa, eti hakuzaa panya wa kujaribiwa dawa. Nikamsema mbele ya wodi nzima. Nikamwambia, "Mimi wangu nilimtoa. Nenda kaburini kamuulize kama alishukuru." Akaomba kalamu. Akatia saini.

Sasa dawa inadondoka kutoka kwenye chupa. Sayi kanyanyuka mara mbili anatafuta viatu, anasema Kabula amepika, chakula kinapoa. Mara zote mbili nimemlaza tena.

Viatu vyake nimevikalia, Kabula. Hatoki mtu hapa mpaka daktari aseme, hata aje mtemi. Akipona, nitakuja kaburini kwako nikuambie kwa mdomo wangu. Asipopona nitakuja vilevile, unitukane, sitakujibu.

Lala, mke mwenzangu. Ningejua, na viatu vyako ningevikalia.

Bibi yako