Bodi ya Pili ya Bwana Kyengo

Mpendwa Bi. Nekoye,

Nasoma majibu yako gazetini kila wiki, na leo naomba msaada wako, na usinicheke sana. Mimi ni fundi wa kupaka magari rangi hapa Thika, karibu na Eneo la Viwanda, kazi nimeifanya miaka kumi na minne, pikapu, malori, hata gari la maiti, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, mpaka mwezi uliopita alipokuja Bwana Kyengo, injinia anayeishi Ruiru, na bodi ya gari la rimoti, haya magari madogo ya kuchezea ambayo watu wazima kama yeye huyashindanisha Jumapili, nayo ni plastiki nyembamba inayoonyesha kama glasi ya maji, milango, boneti, taa, vyote vimechorwa lakini havina rangi. Akaniambia, "Fundi, nataka nyekundu na mistari nyeusi, madirisha uache wazi." Nikamwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Basi nikafanya vile ninavyofanya gari lolote. Kulikuwa na nailoni imeshikana kwa nje, nikaibandua nikidhani ni ya kufungia tu kama ile ya TV mpya, nikapiga msasa, nikapaka praima, nikapuliza nyekundu iliyochanganywa na thina yetu ya kawaida, mwisho mistari, na haki ilipendeza. Mke wangu Zahra, ambaye huandika majina ya maduka kwenye vioo, aliniletea chai akaitazama, akasema, "Tahir, si hii ni kama kioo tu? Si ungepaka kwa ndani?" Wenzangu wa gereji wakaangua kicheko, nami ili nisionekane mjinga nikamjibu, "Wee enda uandike hoteli zako, mambo ya bodi wachia wenyewe."

Jumapili gari likagonga ukingo mara moja tu, rangi ikabanduka vipande vipande, na plastiki yenyewe ikaonekana ina nyufa ndogo kila mahali. Bwana Kyengo hakunigombeza, na hapo ndipo aliponimaliza kabisa. Alileta bodi nyingine akasema, "Hii ndio ya mwisho. Ndugu yangu aliniletea mbili tu kutoka ng'ambo." Iko mbele yangu nikikuandikia. Karatasi ya maelezo ni ya Kijapani. Naigeuza, naichungulia kwa ndani, najiuliza nani alifikiria kutengeneza gari unaloweza kuona ng'ambo yake, na rangi yake inaanzia wapi, na sithubutu kuitia rangi. Zahra naye ananipikia, ananisalimia, lakini juu ya kazi yangu haulizi kitu tena, na zamani alikuwa haishi maswali. Niambie, Bi. Nekoye, hiki kitu hupakwa vipi?

Tahir, Thika

*

Bwana Tahir,

Nimecheka, samahani, kisha nikakukasirikia. Mimi mwenyewe sikujua lolote kuhusu magari haya, ila barua yako ilinikosesha raha mpaka nikampigia simu binamu yangu Mbaluka anayeyachezea, akanieleza hadi chai yangu ikapoa. Kwa hivyo sikiliza.

Bodi hiyo hupakwa kwa ndani, ili plastiki iwe juu ya rangi na kuikinga. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, ikauke, na usiishike tena ndani kwa vidole vyenye grisi. Ziba madirisha kwa tepu, kwa ndani pia. Halafu mambo yote yanageuka: ile mistari unayoizoea mwisho, hapa ndiyo huanza. Nyekundu hufuata nyuma yake, nyepesi nyepesi, mara kadhaa, ukingoja ikauke kila mara. Nyuma ya nyekundu weka nyeupe, ndipo nyekundu iwake. Ile nailoni uliyoitupa ndiyo huzuia rangi isichafue upande wa nje, na hubanduliwa kazi ikiisha. Thina yako iache kabatini, maana ndiyo iliyopasua ile ya kwanza. Bwana Kyengo atafute rangi iliyotengenezewa plastiki ya aina hiyo, nawe uijaribu kwanza ndani ya bodi uliyoharibu.

Umeelewa? Sasa niambie ni nani unayemjua ambaye hupaka kwa ndani, huanza na herufi, humalizia na rangi ya nyuma, tena kinyumenyume, ili mpita njia asome vizuri kutoka nje. Umenunua stempu ukamwandikia mwanamke usiyemjua, na mtu mwenye jibu alikuwa amesimama gereji na kikombe chako mkononi!

Zahra hakununii, Bwana Tahir. Aliangalia kazi yako kwa makini kuliko wewe, akauliza swali zuri, ukaacha watu wamcheke. Tangu hapo ameamua kutouliza, na mke asiyeuliza kitu juu ya siku yako ni upweke ambao sikutakii. Bodi ikiharibika, Kyengo atahuzunika. Huu ukimya ukizoeleka nyumbani, utahuzunika wewe.

Basi usimwombe msamaha jikoni, mkiwa wawili. Mwite gereji, mbele ya wale wale waliocheka, useme, "Zahra alikuwa sawa, mimi nilikosea." Wakicheka, wacheke. Kisha mpe brashi aanze na mistari, wewe umshikie bodi. Na akikuambia unaishika vibaya, ishike vile anavyotaka.

Bi. Nekoye